Picha Bila Maelezo Haimtetei Mtu

Ndugu vijana wenye kamera, wahariri wenzetu, na wote mliofika,

Tumeombwa tuzungumze juu ya kijana mpigapicha wa habari anayewasemea watu wasio na sauti. Mada hii huwa inavutia hotuba za ushujaa. Leo tutazungumzia zaidi daftari kuliko ushujaa, kwa sababu kazi nyingi za utetezi wa picha tunazozipokea mezani huharibikia kwenye maandishi. Picha ni nzuri, uso unagusa, lakini chini yake pameandikwa "Mama mwenye huzuni kambini." Mama gani? Kambi gani? Nani amemhuzunisha? Picha ya namna hiyo itapata sifa kwa siku mbili, halafu mwenye mamlaka ataulizwa, atajibu kwamba hajui inazungumzia wapi, na atakuwa amesema kweli.

Mwaka 1908, mwalimu mmoja wa New York aitwaye Lewis Hine aliacha kufundisha akaajiriwa na kamati ya kitaifa iliyopambana na ajira za watoto nchini Marekani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye viwanda vya pamba, migodi ya makaa, viwanda vya kusindika samaki na mashambani, akipiga picha watoto waliokuwa kazini. Wenye viwanda hawakutaka kumwona. Kwa hiyo aliingia akijifanya muuza Biblia, muuza postikadi, au mpigapicha aliyetumwa kupiga mashine. Alijua kila kifungo cha koti lake kiko juu kiasi gani kutoka sakafuni, basi mtoto akisimama karibu naye alimpima urefu kwa vifungo, kisha akaandika kwenye kijitabu huku mkono ukiwa mfukoni.

Maelezo ya picha yake moja ya tarehe 30 Novemba 1908, kutoka kiwanda cha pamba cha Lancaster, South Carolina, yanataja jina la mtoto, urefu wake inchi 48, na kwamba ameshafanya kazi nusu mwaka. Inchi 48 ni kama sentimita 122. Hebu fikirini kwa nini aliandika urefu. Umri mwajiri angeweza kuubishia, na karatasi za umri zilikuwa zikighushiwa. Urefu uko palepale kwenye picha, mtoto amesimama pembeni ya mashine, na mashine hiyo mtu yeyote anaweza kwenda kuipima. Hapo Hine alifunga mlango wa ubishi kabla haujafunguliwa.

Picha zake za kazi hiyo zilizohifadhiwa ni zaidi ya 5,000. Hazikubadili sheria kwa mpigo. Sheria ya kwanza ya shirikisho juu ya ajira za watoto ilipitishwa mwaka 1916, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaifuta mwaka 1918, na ulinzi uliodumu ulikuja na sheria ya kazi ya mwaka 1938. Miaka 30 tangu aanze! Kama maelezo yale yasingekuwa na jina, tarehe na mahali, picha za 1908 zisingekuwa na kazi tena miaka hiyo ilipokwisha. (Kuhusu kujifanya mtu mwingine: leo hiyo ni njia ya mwisho kabisa, na huamuliwa na mhariri mkuu kabla hujatoka, kwa maandishi. Kijana wa miaka 22 asijiamulie peke yake.)

Sasa mlinganisheni na Dorothea Lange, ambaye naye alikuwa hodari kupita wengi wetu. Machi 1936, huko Nipomo, California, alipiga picha za mama mmoja na watoto wake kwenye kambi ya wavuna njegere. Hakumuuliza jina. Aliandika kwamba mama yule ana miaka 32 na kwamba wameuza matairi ya gari lao ili wapate chakula. Picha zilipotoka gazetini, serikali ilipeleka kambini paundi 20,000 za chakula, karibu tani 9. Familia ile ilikuwa imeshaondoka. Mwaka 1978 mama huyo, Florence Owens Thompson, alijitokeza hadharani kulalamika kwamba hakuwahi kunufaika na picha iliyomfanya ajulikane dunia nzima, na habari ya matairi ilikanushwa baadaye na mwanawe. Kambi ilisaidika, hilo tusilipuuze. Lakini dakika tano za kuandika jina na kurudia maneno yake mbele yake zingemwepusha na sehemu kubwa ya malalamiko yake.

Basi maelezo yaandikwe vipi? Sentensi ya kwanza iseme kinachoonekana, kwa wakati uliopo: nani, anafanya nini, wapi, lini. Ya pili ibebe kile ambacho kamera haiwezi kukiona. Chukueni yule "mama mwenye huzuni" mumwandike upya hivi: "Mwanamke mwenye umri wa miaka 34 anachota maji kwenye bomba pekee linalofanya kazi katika kambi ya watu waliohamishwa. Anasema alifika saa 10 alfajiri na zamu yake imefika saa 3 asubuhi. Msimamizi wa kambi anasema pampu ya pili iliharibika mwezi Machi na haijatengenezwa." Jina na mahali mtaongeza kama ni salama. Neno huzuni halimo, na halihitajiki. Na tazameni "anasema" imetumika mara mbili: saa zile tano za foleni hamkuzishuhudia ninyi, amezisema yeye. Mlichokiona ninyi ni bomba na ndoo. Mkichanganya viwili hivyo, siku mtakapoulizwa mtababaika.

Haya yaandikwe mkiwa bado pale pale. Mwache mtu aandike jina lake mwenyewe kwenye daftari lako, au alitaje herufi kwa herufi. Umri muulize kwa mwaka wa kuzaliwa, maana watu wengi hukadiria umri lakini mwaka au tukio la kuzaliwa kwao hulikumbuka. Ukimaliza na mtu mmoja, piga picha ya ukurasa ule wa daftari kabla hujahamia kwa mwingine: picha za mtu na maandishi yake zitakaa zikifuatana kwenye kadi ya kumbukumbu ya kamera, hata daftari likilowa au likichukuliwa. Na kabla ya yote kagueni saa ya kamera. Betri ikitolewa kwa muda mrefu, kamera nyingi hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na faili zote za siku hiyo zitadai zilipigwa miaka mingi nyuma. Wakili wa upande wa pili hahitaji zaidi ya hapo.

Kuna jambo jingine ambalo fremu hulificha, nalo ni chanzo. Oktoba 1984, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzishia kampuni yake ya Camerapix jijini Dar es Salaam, alirekodi njaa ya Korem, Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk. BBC ilirusha taarifa ile tarehe 23 Oktoba, vituo vingi vya televisheni duniani vikaichukua, na misaada ikamiminika kwa kiwango ambacho hakikutarajiwa. Yaliyosemwa baadaye na wachambuzi nayo ni ya kweli: watazamaji wengi walibaki wakiamini kwamba kilichoua ni ukame peke yake, ilhali vita na sera za serikali ya wakati ule vilichangia sana. Picha ya mwenye njaa hujibu swali la nani anaumia. Haijibu nani amesababisha.

Kwa hiyo msirudi na nyuso tupu. Mfululizo wa picha 8 hadi 12 unatosha kwa habari moja, na kati ya hizo, nyuso zisizidi nusu. Nyingine ziwe mahali pazima kwa mbali, mikono ikiwa kazini, hati ya malipo au barua ya kufukuzwa, mita ya maji, ufa wa ukuta ukiwa na rula pembeni yake, na jengo au mtu mwenye wajibu wa kutengeneza kilichoharibika. Hii ya mwisho ndiyo wapigapicha wengi huikwepa kwa sababu ina usumbufu, na ndiyo inayoitofautisha habari na ombi la msaada. Tatizo likiwa la muda mrefu, wekeni alama mahali miguu yenu iliposimama, andikeni lenzi mliyotumia na saa, mrudi baada ya miezi mitatu mpige palepale kwa lenzi ileile. Picha mbili zilizofanana kila kitu isipokuwa tarehe ni vigumu sana kuzikana.

Tuje kwenye ridhaa, na hapa tutakuwa wakali kidogo. Kuinua kidole gumba kutoka mbali hakuhesabiki. Mtu anayelala kambini, anayeishi kwa hisani ya mwajiri, au aliyetoka kupigwa, hukubali mambo mengi kwa sababu amezoea kwamba kukataa kuna gharama. Kamera ibaki begini kwanza. Jitambulishe, eleza unamfanyia nani kazi, mwonyeshe kwenye simu picha zako zilizokwisha kuchapishwa ili aone zinavyoonekana, umwambie wazi kwamba picha ikishaingia mtandaoni hakuna anayeweza kuirudisha yote. Kisha mwombe arudie kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Akisema "mtaniletea chakula," hajaelewa, na mmeanza upya.

Swali moja lina thamani kuliko fomu yoyote: "Kuna mtu yeyote ambaye usingependa aione picha hii?" Jibu lake litakwambia hatari iko wapi, ambayo pengine wewe usingeiwaza: mume wa zamani, mkopeshaji, mkwe, afisa fulani. Baada ya hapo rekodi ridhaa kwa sauti, sekunde 30 tu, akitaja anakubali nini na hakubali nini. Kupigwa picha, picha kuchapishwa na jina kutajwa ni mambo matatu tofauti, na mtu anaweza kukubali mawili akakataa la tatu.

Angalieni pia mkalimani ni nani. Mkalimani akiwa ndiye mwajiri, kiongozi wa kambi au mume, mmepata ridhaa ya huyo mkalimani. Kwa mtoto, mzazi au mlezi lazima akubali na mtoto mwenyewe akubali. Mtoto akitikisa kichwa, kazi imeisha, hata kama mzazi amesema ndiyo. Msiahidi msaada wowote. Na msiwalipe watu ili wapigwe picha, kwa kuwa jirani atakayesikia atakuja kuigiza shida asiyokuwa nayo.

Wengine ni lazima wafichwe: walionusurika ukatili wa kingono, mashahidi, wanaoomba hifadhi, watoto walio kwenye mikono ya sheria. Makosa mengi ya hatari tunayoyaona yako hapa, basi tusikilizane vizuri.

Kumficha mtu kunaanza wakati wa kupiga. Njia inayopendwa ni kumweka mbele ya dirisha ili awe umbo jeusi. Pima mwanga wa dirishani, si wa usoni, na hakikisha uso uko chini kwa stop 4 au zaidi (kila stop ni mwanga kupungua kwa nusu), yaani mwanga wake usizidi sehemu moja ya kumi na sita ya ule wa nyuma. Lakini hiyo peke yake haitoshi. Faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla haijasindikwa, hubeba mengi gizani kuliko macho yanavyoona. Mtu akilifungua kwenye programu na kupandisha vivuli, yaani kuangaza sehemu za giza, pua na macho vinajitokeza. Jaribu wewe kwanza: pandisha vivuli hadi mwisho kwenye kompyuta yako. Ukiona uso, na anayemtafuta atauona. Mgeuzie upande wa pili, umsogeze mbali na kuta nyeupe zinazorudisha mwanga usoni, upige tena. Faili linalotoka nje liwe JPEG, yaani picha ya kawaida iliyobanwa, na RAW libaki kwako kwenye diski iliyofungwa kwa nywila.

Kuweka ukungu au vijimraba usoni baada ya kupiga ni ulinzi dhaifu, kwa sababu vijimraba vikubwa bado hubeba umbo na rangi za uso, na zipo programu za kulinganisha. Mkilazimika, wekeni rangi nyeusi isiyopenya hata chembe, juu ya nakala, kisha muihifadhi kama faili jipya lililounganishwa tabaka zote. Ile kalamu ya kuchorea iliyomo kwenye simu mara nyingi hupenyeza mwanga: inaonekana nyeusi, ukiongeza mng'ao sura inarudi.

Halafu kagueni kilichobaki. Kovu, chale, pete, viatu, sare ya shule, kitenge ambacho kijiji kizima kinakijua, namba ya gari, kioo kilicho nyuma yake, hata mboni za macho zinazoakisi chumba. Tumewahi kuona sura iliyofichwa vizuri kabisa, na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Ndani ya faili lenyewe kuna metadata: mahali pa GPS, saa, na mara nyingi namba ya kamera yako. Zimeni GPS kabla hamjatoka. Kuna pia kijipicha kidogo ndani ya faili ambacho baadhi ya programu hazikibadilishi unapokata kingo za picha, kwa hiyo uso uliokatwa nje unaweza kuwa bado umo. Futeni metadata kwenye nakala ya kuchapisha, kisha mfungue faili upya kuhakikisha. Zipo programu za ujumbe zinazofuta taarifa hizo picha ikitumwa kama picha, lakini huziacha ikitumwa kama hati.

Na kufuta picha kwenye kadi si kuiondoa. Mtu akikuomba ufute, ukabonyeza kitufe, picha ile bado iko kwenye kadi mpaka nyingine iandikwe juu yake, na programu za bure zinaweza kuirudisha. Kwa aliye hatarini, toa kadi ile kwenye matumizi hadi uifute kikamilifu kwenye kompyuta.

Kuhusu mwanga wa kawaida, neno moja kwa wanaopiga ngozi nyeusi. Kipimo cha kamera hudhani kwamba kila kinachoonekana, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga au ukuta mweupe, kamera hupunguza mwanga na uso huzama gizani: ongeza stop 1 hadi 1 na nusu. Ukipima usoni tu, kamera itafanya kinyume, ngozi itapauka: punguza takriban stop 1. Kivuli cha wazi, kama chini ya paa la veranda, hutoa uso wenye undani bila kumfanya mtu akunje macho. Flashi iacheni, ndani ya nyumba pandisheni ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 3200, chembechembe hazijamdhuru mtu. Na pigeni macho kwa macho. Kumpiga mtu aliyekaa chini wakati wewe umesimama humfanya aonekane mdogo na anayeomba, hata kama alikuwa anakueleza haki zake kwa ufasaha.

Kwenye uhariri hatuna mengi. Mng'ao na rangi rekebisheni kwa kiasi. Kuongeza au kuondoa kitu, hapana. Kwenye shindano la World Press Photo la mwaka 2015, takriban moja ya tano ya kazi zilizofika raundi ya kabla ya mwisho ziliondolewa kwa kuchezewa, na Novemba mwaka huohuo shirika la habari la Reuters likawataka wapigapicha wa kujitegemea watume JPEG zilizotoka kamerani badala ya zile zilizosindikwa kutoka RAW. Chupa moja ya plastiki uliyoifuta ili picha ipendeze inatosha kumpa mtuhumiwa nafasi ya kusema kambi nzima umeitunga.

Kabla ya kuondoka mahali, jueni kinachofuata kwa mtu mliyempiga. Tarehe 26 Machi 1993 New York Times ilichapisha picha ya Kevin Carter kutoka Sudan, ya mtoto aliyedhoofu kwa njaa na tai mla mizoga nyuma yake. Wasomaji wengi wakauliza mtoto amepatwa na nini, na siku nne baadaye gazeti likalazimika kuchapisha maelezo ya mhariri yaliyokiri kwamba haijulikani kama alifika kwenye kituo cha chakula. Picha ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1994. Swali la wasomaji lilikaa miaka mingi bila jibu. Andikeni kwenye daftari: nani anamhudumia mtu huyu, namba ya kituo, na siku mtakayopiga simu kuuliza.

Mwisho, mtu anaweza kubadili mawazo, na lazima kuwe na utaratibu. Mwaka 1971 W. Eugene Smith alipiga picha ya mama akimwogesha binti yake aliyeathiriwa na zebaki ya kiwanda huko Minamata, Japani. Wazazi walikubali wakijua ni kwa ajili ya mapambano, na picha ile iliyasaidia mno. Binti alifariki mwaka 1977, picha ikaendelea kuzunguka, wazazi wakachoka. Mwaka 1998 Aileen Smith, aliyewahi kuwa mke wa mpigapicha huyo na aliyekuwa na hakimiliki, alikubaliana nao isichapishwe tena.

Hilo liliwezekana kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja anayejulikana kuwa na picha na mamlaka juu yake. Ninyi wekeni rejista: namba ya faili, aliyepewa, tarehe, na matumizi aliyoruhusiwa. Kwenye sehemu ya maelekezo maalumu ndani ya faili, andikeni masharti ya mtu huyo kwa lugha ya kawaida, mfano "isitumike kwa matangazo wala kuchangisha fedha." Mwacheni naye na namba yenu kwenye karatasi, maana simu hupotea. Ombi la kuondoa likija, toeni picha kwenye kurasa zenu siku hiyohiyo, watumieni wote walio kwenye rejista notisi ya kusitisha, zifungieni nakala zenu ili asizifungue mtu bila idhini ya mhariri, kisha mwambieni mhusika kwa maandishi ni wapi imeondolewa na ni wapi mmeshindwa kuiondoa.